Sekunde 350 Juu ya Hewa

Juma hili tunakwenda mbali kidogo: jangwa la New Mexico, Marekani, Juni 1962. Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ya Aerobee kutoka White Sands, wakitumaini kuona eksirei zikitoka mwezini. Hewa inayotukinga na eksirei za angani ndiyo hiyo hiyo inayotuzuia kuziona, hivyo ilibidi vipimo vipandishwe juu yake. Navyo vilipata sekunde 350 tu kabla ya kurudi chini. Mwezi haukuonyesha kitu. Badala yake zikaonekana eksirei kali kutoka upande wa kundinyota la Nge, ambazo hakuna aliyezitazamia.

Kazi hiyo ikafika hata pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Ilitazama zaidi ya miaka miwili. Ikaonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei, na baadaye ikathibitika kuwa zinatoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Gesi ya namna hiyo ingalikwisha kutawanyika zamani, isiposhikwa na uzito upitao ule wa nyota zote pamoja na gesi yenyewe. Fritz Zwicky alikwisha kulisema jambo hilo mwaka 1933, kwa kupima mwendo wa galaksi, na kwa muda mrefu wengi hawakumjali, twaona alionewa. Leo uzito huo huitwa maada ya giza, yapata mara tano ya maada tuijuayo.

Ni kitu gani basi? Mwaka 2014 wataalamu walitangaza alama hafifu ya eksirei kutoka makundi ya galaksi: pengine chembe za maada ya giza, ziitwazo neutrino tasa, zikivunjika. Satelaiti ya Kijapani Hitomi ilipolitazama kundi la Perseus mwaka 2016, haikuiona kwa nguvu iliyotangazwa.

Roketi nazo hazijastaafu. Ile ya Micro-X hubeba vipimo vilivyopozwa karibu na sifuri kamili, navyo vinaweza kutazama eneo pana la anga kwa dakika tano hivi. Upana huo una maana, kwa kuwa maada ya giza ya galaksi yetu imetuzunguka pande zote, wala haikai mahali pamoja kama nyota. Mwaka 2018 roketi ilishindwa kuelekea ilikotakiwa, na miaka ya maandalizi ikapita bila kuiona shabaha. Mwaka 2022 ilirushwa tena, ikayatazama mabaki ya nyota iliyolipuka, Cassiopeia A. Kwa maada ya giza, safari iliyokusudiwa ni ya kutazama upande wa kitovu cha galaksi yetu, kwa dakika zile zile tano.