Waandishi wa burudani na siri za Game of Thrones

Ned Stark, mhusika wa Game of Thrones, alikatwa kichwa kitabuni mwaka 1996. Watazamaji wa HBO walikiona kifo hicho Juni 2011, miaka 15 baadaye, na wengi wakapigwa na butwaa. Mwandishi wa burudani aliyekuwa amesoma riwaya ya George R. R. Martin hakushtuka. Alijua tangu mwanzo, ila ilimbidi anyamaze, jambo geni kwa mtu anayelipwa kutoa habari.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Kituo kilimtumia mhakiki kanda za mwanzo, akatazama, akatoa hukumu yake, akageukia tamthilia nyingine. Tamthilia ya Lost ilipoanza mwaka 2004, mambo yakabadilika: Jeff Jensen wa jarida la Entertainment Weekly aliandika nadharia ndefu ajabu za kufumbua mafumbo ya kisiwa cha tamthilia hiyo, na wasomaji wakazisubiri kama tamthilia yenyewe. Game of Thrones ilipoingia hewani Aprili 2011, ilikuta hadhira iliyokwisha kuzoea kusoma uchambuzi baada ya kila sehemu. Tovuti ya The A.V. Club ikaandika tahakiki mbili kwa mpigo, moja ya waliosoma vitabu na nyingine ya wasiosoma. Sijaona ustaarabu mkubwa kuliko huo katika fani hii.

Aprili 2015 sehemu nne za kwanza za msimu wa tano zilivuja mtandaoni kabla ya siku ya uzinduzi, na HBO ikasema zimetoka kwa watu walioruhusiwa kupewa nakala za mapema. Mwaka uliofuata tamthilia ikavipita vitabu. Siri iliyokuwa ikiuzwa katika kila duka la vitabu sasa ilikuwa mikononi mwa HBO peke yake, nayo ikaacha kuwapa waandishi nakala. Rais Obama alipewa. Mwandishi mmoja wa Marekani akaiandikia serikali, kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, akitaka sehemu hizo naye aletewe! Utani, lakini wenye hoja.

Waliobaki karibu na jikoni walikuwa wachache, akiwemo James Hibberd wa Entertainment Weekly. Mwaka 2015 mwigizaji Kit Harington alimwambia kwamba mhusika wake, Jon Snow, amekufa na harudi. Alirudi. Mei 2016 mwigizaji huyo akaomba radhi kwa kudanganya, katika jarida lilelile. Hiyo ndiyo bei ya kukaribishwa kwenye seti: unaandika unachoambiwa, na ukweli unausubiri.

Ukweli ulikuja baada ya tamthilia kumalizika Mei 2019. Oktoba 2020 Hibberd alitoa kitabu, Fire Cannot Kill a Dragon, ambamo waliohusika wenyewe wanasimulia hata jinsi sehemu ya majaribio ilivyoharibika ikalazimika kupigwa upya. Anayetaka kujua Game of Thrones ilivyotengenezwa aanze na kitabu hicho. Magazeti ya wakati ule ayasome baadaye, tena kwa tahadhari.