Kama fundi iko Goma, nani ataita draiva? Historia fupi kwa wale wa Masisi

Humu ndani swali moja linarudi kila mara: modemu ile ile inashika mara moja ku laptop, lakini ukiichomeka ku ruta ndogo ya sola inanyamaza. Shida ni nini? Jibu iko mu historia ya karibu miaka 30, na inatugusa sisi wa milimani kuliko mtu mwenye kuishi mjini.

Zamani mu Linux, draiva zilijengwa ndani ya kiini, yaani ile programu ya katikati yenye kusimamia mashine yote. Chombo kipya kikija, unajenga kiini upya. Halafu zikaja moduli: draiva inakaa pembeni kama faili, inaingia wakati inahitajika. Sawa, lakini nani anaiingiza? Mtu, kwa mkono, kwa amri ya insmod.

Linux 2.0 ya Juni 1996 ikaja na mtumishi aitwaye kerneld. Kiini kikikosa moduli, yeye anaenda kuitafuta. Januari 1999, toleo la 2.2 likamuondoa, kiini kikaanza kuita modprobe chenyewe. Hata hivyo kilikuwa bado kinangoja programu fulani iombe. Njo mu toleo la 2.4, Januari 2001, mambo yakageuka: chombo chenyewe kinapiga hodi. Ukichomeka kitu cha USB, kinataja namba ya kiwanda na namba ya bidhaa. Kiini kinatangaza, na programu ya nje inaangalia mu orodha: moduli gani ilisema inajua namba hizi? Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaleta udev, na kazi hiyo ikazoeleka ku kompyuta zetu zote.

Laptop iko na nafasi, inabeba maelfu ya moduli bila kulalamika. Ruta je? Linksys WRT54G, ile ambayo mradi wa OpenWrt ulianzia kwayo mwaka 2004, matoleo yake ya kwanza yalikuwa na flashi ya MB 4 tu. Humo hauwezi kuweka draiva za dunia nzima. Kwa hiyo wajenzi wa mashine ndogo wakapunguza mizigo. BusyBox, ambayo Bruce Perens aliianzisha ili Debian iweze kusakinishwa kwa diski moja ya floppy, baadaye ikapata mdev, mdogo wake udev. OpenWrt nayo ikafunga kila moduli mu kifurushi chake: unachukua unachohitaji, mengine unaacha.

Modemu za 3G zikaongeza ugumu wao. Nyingi za Huawei, ukizichomeka, zinajitambulisha kwanza kama CD, kwa sababu zinabeba draiva ya Windows ndani yake. Linux inaamini, inaleta moduli ya CD. Inahitajika usb_modeswitch, programu ya Josua Dietze, iiambie modemu ibadilike. Modemu inatoka, inarudi na namba ingine, njo moduli iitwayo option inaingia. Yaani hodi inapigwa mara mbili, na mara zote mbili lazima mtu wa kuitikia awe nyumbani.

Sasa tuje kwetu. Kuna kituo kimoja hapa ambacho modemu yake ilikufa. Wakanunua ingine, aina tofauti. Ruta ikasikia hodi vizuri kabisa, ikatafuta moduli, ikakosa. Ili kupakua moduli unahitaji intaneti, na intaneti ilikuwa ndani ya ile modemu. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba! Fundi alikuwa Goma, mvua imeharibu barabara ya Sake. Siku 12 ripoti zilibebwa na pikipiki mpaka Masisi-Centre, na zingine ni ripoti za wagonjwa.

Miaka hii yote mashine zimejifunza kuita. Kuita kisichokuwepo, hakuna toleo lenye kuweza. Kuchagua kipi kiwepo imebaki kazi ya mtu, na kazi hiyo inafanyika Goma, kabla mzigo haujapanda milima.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha ruta: weka usb_modeswitch, na moduli za option, qmi_wwan, cdc_ether na cdc_ncm. Jaribu modemu mbili za aina tofauti, si moja. Vifurushi vingine viache ku kadi ya memori, ikae pamoja na ruta.

Na nyinyi wenye modemu zinazofanya kazi Masisi ao Walikale, chapeni lsusb, mutuandikie hapa chini namba zake. Tukiunganisha orodha, mwenzetu wa Nyabiondo hatangoja fundi siku 12.