Hadhari ya Wazazi: Habari za Chanjo Baina ya Jinja na Mbale

Mzazi wa Kimaka, mtaa wa Jinja ulio jirani na uwanja mdogo wa ndege na kambi za askari, akabidhiwapo kadi ya kliniki hukabidhiwa pamoja nayo ratiba iliyokwisha kupangwa: chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara mtoto azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9. Kuifuata ratiba hiyo, kuichelewesha au kuiacha ni shauri lake na la mwenzake, pengine na la bibi wa mtoto aliyekaa pembeni akisikiliza. Walakini shauri hilo halikuanza nao, na wanaowashutumu wenye kusita kuwa ni wajinga tu, kwa maoni yangu, hawakuisoma tarehe ya nchi hii.

Baina ya mwaka 1900 na 1920 maradhi ya malale yaliangamiza zaidi ya watu 200,000 katika Uganda, na msiba ulikuwa mzito kuliko kote katika Busoga na visiwa vya ziwa. Gavana Hesketh Bell aliamuru raia wahame pwani, wakaacha migomba yao, makaburi ya wazee wao na riziki ya samaki. Na katika visiwa vya Sese, tabibu mashuhuri Robert Koch, aliyefika mwaka 1906, aliwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoxyl, ambayo baadhi yao iliwapofusha kabisa. Hivyo basi, kizazi kizima kilijifunza kwamba tabibu wa serikali huja pamoja na amri, na kwamba sindano yake yaweza kuponya au kudhuru. Nani atastaajabu iwapo wana wao waliipokea sindano iliyofuata kwa hadhari?

Hadhari hiyo ikapata dini ya kuisemea. Biblia nzima ilikwisha kutolewa kwa Kiganda mwaka 1896, na miongoni mwa walioisoma kwa bidii alikuwamo Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima na chifu wa Busiro. Kate aliona katika maandiko kwamba kuponya ni kwa Mungu peke yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata hoja hata mwisho wake, alizikataa dawa zote, hirizi za waganga na chupa za hospitali pia, akizihesabu kuwa ni kitu kimoja. Mwaka 1914 yeye na mwalimu Malaki Musajjakawa, ambaye wamisheni walikuwa wamemnyima ubatizo mara kwa mara, walianzisha jamaa yao ya Mungu Mmoja Mwenye Enzi, ambayo watu waliizoea kwa jina la dini ya Malaki. Makumi elfu wakaifuata, wengi wao kwa sababu huko ubatizo haukuhitaji miaka ya mafunzo wala mume hakulazimishwa kuwaacha wake zake. Lakini pamoja na ubatizo walipokea katazo la dawa, na watoto wao wakabaki bila kinga ya ndui. Mwaka 1929, wafuasi walipozipinga amri za afya zilizotolewa dhidi ya tauni, fujo ikazuka na viongozi wakahamishwa kwa nguvu. Malaki alikataa chakula uhamishoni, akafariki mwaka huo huo.

Huku mashariki dini hiyo ilipata mfuasi mkubwa kuliko wote, naye ni Semei Kakungulu, jemadari aliyeitiisha sehemu hii ya nchi kwa ajili ya Waingereza na kuuasisi mji wa Mbale, kisha akaona hakulipwa ufalme alioutarajia. Yamkini uchungu huo ndio uliomfanya aisikilize dini iliyowakaidi waliomvunja moyo. Mnamo mwaka 1919 alijitenga nayo, akatahiriwa yeye na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya, ambayo ingali hai kandokando ya Mbale. Nalitaja kwa makusudi jambo hili: leo jumuiya hiyo hiyo inaendesha zahanati mjini Mbale, nayo huwatibu Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja. Muda wa vizazi vichache ulitosha kuugeuza moyo.

Ndui yenyewe ilitokomezwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Uganda ikaanzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto mwaka 1983.

Lakini mabishano hayakwisha. Mwezi Novemba 2010 polio ilionekana Bugiri, safari fupi kutoka Jinja, ilhali nchi ilikuwa imetangazwa kuwa salama mwaka 2006. Katika Busoga kuna watu wa madhehebu yaitwayo 666, ambao huona katika sindano, na hata katika kuandikwa jina wakati wa sensa ya 2014, alama ya mnyama aliyetajwa katika kitabu cha Ufunuo. Serikali ilijibu kwa sheria ya chanjo ya 2017, ambayo yaweza kumfunga hadi miezi 6 mzazi asiyempeleka mtoto. Naifahamu hofu iliyoizaa sheria hiyo, kwani mtoto aliyepooza hakushauriwa na mtu; hata hivyo, Waganda walikwisha kuona mwaka 1929 kwamba kumhamisha mwenye kukataa si kumshawishi.

Mama aulizaye kwa nini surua ingoje mwezi wa 9 anauliza swali la haki, na jawabu lipo. Kinga aliyompa mwanawe tumboni hubaki damuni kwa miezi kadhaa, na ingalipo huizuia chanjo isishike vema. Ikiisha, mtoto hubaki wazi. Akiwahi mno, sindano huenda ikapotea bure. Akichelewa, surua, ambayo huambukiza upesi kuliko karibu maradhi yote, yaweza kumtangulia.