Nyigu wa Ghalani

Katika mwaka wa 1760, jimbo la Angoumois, magharibi ya Ufaransa, lilipofikwa na baa la nondo mdogo ambaye kiwavi wake huingia ndani ya punje ya ngano akaila pasina kubakiza ila ganda, Chuo cha Sayansi cha Paris kiliwatuma huko mabwana wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, wakalichunguze jambo hilo. Nao mwaka wa 1762 wakatoa kitabu, wakishauri nafaka itiwe tanurini hata joto liwaue viwavi. Nondo huyo hata leo huitwa kwa jina la jimbo lile, na mkulima wa kwetu awekaye mahindi yake darini anamjua vema, ijapokuwa Angoumois hajapata kuisikia.

Miaka ya 1920, huko Saticoy, California, Stanley Flanders alimfuga mharibifu huyo huyo kwa makusudi, ili mayai yake yawe malisho ya nyigu wa jamii ya Trichogramma, wasiotimia hata milimita moja, ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo. Lakini hao walikusudiwa miti ya jozi, si maghala.

Wa ghalani hasa ni Anisopteromalus calandrae, aliyeelezwa na Howard wa Marekani mwaka wa 1881. Jike lake hutembea juu ya nafaka mpaka aitambue punje yenye kiwavi wa fukusi, akaitoboa kwa mwiba wake, akampoozesha kiwavi, akataga yai kandoni mwake. Na buu litokalo humla kiwavi hata akaisha. Punje yenyewe hana haja nayo.

Pamoja na hayo, sharia ya Marekani kwa muda mrefu ilimhukumu mwizi na mlinzi hukumu moja, kwamba mdudu katika nafaka ni uchafu tu. Mwaka wa 1992 ndipo idara ya mazingira ya nchi hiyo iliporuhusu nyigu hao watiwe katika nafaka iliyohifadhiwa pasina kuwekewa kiwango cha juu cha mabaki yao. Nami nadhani huruma kwa nyigu haikuwamo, ila fukusi walikwisha zizoea baadhi ya dawa. Hoja iliyosaidia ni kwamba nyigu mzima hukaa nje ya punje, basi chekecheo humtoa.

Masharti yake ni magumu. Yapasa waachiwe mapema, kabla fukusi hawajazaliana mno, na ghala lisipulizwe dawa, kwani dawa humwua nyigu kabla ya fukusi aliyejificha ndani ya punje. Ndiyo maana mwenye ghala aliyekwisha ona vumbi la unga sakafuni aghalabu hukimbilia gesi.