Hadithi Inamhukumu Nani?

Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza kwa karipio. Alianza kwa hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe (2 Samweli 12). Kuna jambo hapo ambalo mara nyingi tunalipita. Katika hadithi ya Nathani, anayesimamishwa kujibu ni mwanamume. Bathsheba halaumiwi. Watu wa mji wangeweza kuisimulia habari ileile kwa namna nyingine, na lawama yote ikamwangukia mwanamke.

Kila hadithi ya mapenzi na ndoa humweka mtu fulani mbele ya hukumu na kumficha mwingine. Zamani vijana walizipata hadithi hizo kwa bibi, jikoni au kwenye kuota moto. Siku hizi wanazipata pia kwenye simu, katika video za muziki za dakika tatu au nne. Kabla hatujazikemea au kuzisifu, ni vema tujue zilikotoka.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akawa muuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri, "Kijiti", inasimulia habari ya mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Muuaji alitoroka. Walioadhibiwa ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi, kwa sababu ya habari za pombe. Siti aliimba ili watu waulize kile ambacho mahakama haikukitimiza: yule mwanamume yuko wapi? Msomaji wa Injili ya Yohana sura ya 8 analijua swali hilo. Mwanamke aliletwa mbele ya Yesu, amefumaniwa katika uzinzi, lakini aliyefumaniwa naye hakuletwa.

Miaka ya 1970, muziki wa dansi uliopigwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ulikuwa na majina mengi ya wanawake. Marijani Rajab aliimba "Georgina" na "Zuwena". Lakini mara nyingi sauti iliyosimulia ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke alisifiwa au alilalamikiwa. Yeye mwenyewe hakusikika.

Kisha ikaja picha. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, ila Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994. Muziki wa kizazi kipya, Bongo Fleva, ulikuwa unakua, na vituo vilihitaji vitu vya kuonyesha. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko tulivyodhani. Redioni kila msikilizaji alijichorea mke na mume kichwani mwake. Video humchorea: huyu ndiye mke mwema, huyu ndiye mharibifu, huyu ndiye mume wa kuchekwa.

Zipo hadithi zilizotusaidia. Katika "Starehe", Ferooz akishirikiana na Professor Jay, kijana anayeumwa anasimulia jinsi anasa zilivyomfikisha kwenye UKIMWI. Wengi walilia, kwa kuwa ulikuwa mfano wa mwana mpotevu katika lugha ya mtaani. Huyu anajihukumu mwenyewe, na hilo ni jema. Hata hivyo tujiulize: wanawake katika maisha yale ni watu wenye roho, au ni sehemu ya anasa tu? Je, wao nao waliugua, na nani aliwasimulia?

Katika "Zali la Mentali", Professor Jay anasimulia juu ya kijana maskini anayependwa na mwanamke tajiri. Jina lenyewe linaiita bahati ya ajabu. Tajiri akimpenda binti maskini tunaona ni kawaida, ikigeuka, tunashangaa. Bushoke naye alituletea "Mume Bwege", mume anayetawaliwa na mkewe, na nchi nzima ikacheka. Lady Jaydee alijibu kwa sauti ya mwanamke. Katika "Yahaya" anamweka hadharani mwanamume mlaghai ambaye hata kwake hapajulikani. Lakini tazama wimbo wake mwingine, "Wanaume Kama Mabinti". Hata mwanamke anapotaka kumwaibisha mwanamume, tusi lililo karibu mkononi ni kumwita binti.

Kicheko ni hukumu. Mvulana anayecheka mume anayeosha vyombo amekwisha kuapa moyoni kwamba yeye hataviosha. Binti anayeona mwanamke wa kila video akinyamaza na kupambwa amekwisha kujifunza kunyamaza. Nyumbani matunda yake tunayaona. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Lakini mama akipigwa, swali la kwanza mtaani, na wakati mwingine hata kwenye kikao cha wazee, ni: "Alifanya nini?" Hiyo ni hadithi ya Kijiti, na bado inaendelea.

Walutheri tuna urithi wa kujibu kicheko hicho. Mwaka 1522, miaka mitatu kabla ya kumwoa Katharina von Bora, Martin Luther aliandika juu ya maisha ya ndoa. Akamtaja baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka kama mpumbavu. Luther akasema kwamba Mungu pamoja na malaika wake wanatabasamu, kwa furaha, kwa sababu baba yule anafanya kazi hiyo kwa imani. Waliomcheka ndio waliokosea. Yule ambaye wimbo ungemwita bwege, Luther alimwona ni mtumishi wa Mungu.

Nasi tuchunguze usimulizi wetu. Arusini tunapenda kumkumbusha bibi arusi utii kutoka Waefeso 5. Lakini maneno hayo yanatanguliwa na agizo la kunyenyekeana sisi kwa sisi, na yanafuatwa na agizo zito zaidi kwa mume: ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Tukisoma kipande kimoja tu, tumemficha mwanamume tena.

Basi, wazazi, msiishie kuwanyang'anya watoto simu. Kaeni nao, tazameni video moja, kisha waulizeni maswali matatu. Nani anasema, na nani amenyamazishwa? Nani anachekwa? Nani alipaswa kuwepo hapa ajibu, naye hayupo? Mtoto akizoea kuuliza hivyo mbele ya video, kesho atauliza hivyo mbele ya jirani anayelia.