Kutoka Nguvu Kazi hadi Asilimia Kumi

Mwaka 1983 mchuuzi wa karanga hakutembea Dar es Salaam kwa raha. Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa imepitishwa, na waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa ili wapelekwe vijijini kulima. Miaka saba kabla yake, Operesheni Maduka ilikuwa imewafungia wenye viduka vijijini ili maduka ya ushirika yashike nafasi. Mfanyabiashara mdogo alikuwa mtuhumiwa, nani angemkopesha? Ajabu ni kwamba leseni ya wachuuzi ilikuja kuitwa jina lilelile, nguvu kazi.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilikuwepo, kwa sheria ya mwaka 1973, lakini macho yake yalikuwa kwa seremala na mhunzi, watu wa viwanda vidogo. Muuza vitumbua hakuwa wao.

Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na mishahara ikawa haifiki hata katikati ya mwezi, karibu kila nyumba ya mjini ilikuwa na kitu cha kuuza. Serikali ikageuka polepole. Katika miaka ya 1990 ilianzisha mifuko ya mikopo ya wanawake na vijana, na halmashauri zikatakiwa kuitengea sehemu ya mapato yake. Zilizotaka zilitoa. Mwaka 2006, chini ya Rais Jakaya Kikwete, yakaja "mabilioni ya JK": mikopo ya shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, kupitia benki.

Mwaka 2018 utashi ukawa sheria. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikagawanywa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, kama mikopo isiyo na riba. Sharti kubwa lilikuwa kikundi.

Hapo ndipo ujamaa ulipochungulia tena dirishani. Mama lishe mwenye sufuria zake alitakiwa aje na wenzake, katiba, mwenyekiti, mhazini na akaunti ya benki. Kikundi si kigeni kwa wanawake hawa. Upatu wanaujua tangu kwa bibi zao. Lakini kwenye upatu mtu humchagua anayemjua, fedha ni jasho lao wenyewe, na asiyelipa atakutana na wenzake kisimani kesho yake. Kikundi cha halmashauri mara nyingine kilizaliwa siku ya kujaza fomu na kufa siku ya kugawana. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikataja marejesho yasiyorudi na vikundi hewa.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10, zikiwemo za majiji ya Dar es Salaam na Dodoma pamoja na za Nkasi na Bumbuli, zilipangiwa kutoa fedha kupitia benki, njia ileile ya mabilioni ya JK. Nyingine 174 zilibaki kuitoa kupitia kamati zao. Kwa wanawake na vijana, sharti la kikundi lilibaki.