bunduki ya samaki

nomino [i-/zi-], wingi: bunduki za samaki

Maana: Zana ya kuvulia chini ya maji, yenye mti uliochongwa, kifyatulio na mipira inayorusha ufito wa chuma wenye ncha. Haina baruti: nguvu yake hutoka kwenye mpira uliovutwa, ambao katika zana zinazotengenezwa nyumbani aghalabu hukatwa kutoka tyubu ya gurudumu.

Mfano: Fundi wa Nanyamba alichonga mti wa bunduki ya samaki, mvuvi wa Msimbati akaifunga mipira.

Matumizi: Isichanganywe na mkuki, unaochomwa kwa mkono, wala na chusa, yaani mkuki wa kurushwa uliofungwa kamba. Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Kenya, kwa mfano, iliipiga marufuku bunduki ya samaki mwaka 2001. Mfasiri wa katazo la namna hiyo akiandika “mkuki” tu, atakuwa amewaharamishia kazi hata wanawake wa pwani wanaochoma pweza mwambani maji yakipwa, ilhali hawajawahi kufyatua chochote.

Taz. pia: chusa, fyatua, mkuki.